Nairobi ilinisitiri, Mackinnon Road ikaniumbua: kisa cha DX yangu na turbo

Kama una gari kuukuu ambalo tayari umelibadilisha injini, na siku hizi ukilala unasikia mluzi wa turbo usingizini, hebu keti nikuambie jambo. Sikukatazi. Mimi mwenyewe niliweka, nikaua injini, kisha nikaweka tena. Nataka tu ujue mapema kile nilichokuja kujua nikiwa nimechuchumaa kando ya barabara kuu ya Mombasa, saa nane mchana, jua limekaza, dadangu ameketi juu ya begi lake akiangalia saa kwenye simu kila baada ya dakika mbili.

Tutafika hapo. Kwanza gari lenyewe.

Ni Toyota Corolla DX, ile ya KE70, lile sanduku la pembe nne ambalo kama hukukulia ndani yake basi mjomba wako alikuwa nalo. Mzee alilinunua kabla sijazaliwa, tayari likiwa limepita mikono ya watu wawili. Ndani lilikuwa na injini ya 4K, cc 1290, kabureta moja, injini isiyo na haraka na mtu. Lilitupeleka ushago kila Krismasi, watoto wanne nyuma na gunia la viazi kwenye buti wakati wa kurudi.

Nilipoacha chuo, mzee hakupiga kelele. Nilikuwa nasomea diploma ya uhasibu, muhula wa tatu. Karo ilikwama, ni kweli, lakini nisikudanganye: moyo ulikuwa umetoka darasani mapema kuliko hiyo karo. Mzee alinitazama siku kadhaa, kisha jioni moja akanirushia funguo za DX na kusema, "Kama vitabu vimekushinda, tafuta riziki na hii." Nikaanza kupeleka watu mizigo, keki, maua, vipuri, chochote. Usiku naandika kuhusu magari. Hapo ndipo 4K ilipoanza kunywa oili kama chai, na hapo ndipo mambo yakaanza kunipanda kichwani.

Kubadilisha injini kwenyewe hakukuwa ujinga, na sitaki mtu akuambie hivyo. DX ni gari jepesi na husukumwa na magurudumu ya nyuma, ndiyo maana vijana hawaachi kulitafuta. Pia ni ndugu wa karibu wa ile Corolla AE86 inayosifiwa Japani kwa kuteleza kwenye kona, na injini ya AE86, yaani 4A-GE, huingia ndani ya DX bila vita kubwa. Injini hiyo ina cc 1587, kamshafti mbili juu na valvu 16, nayo hupenda kuzungushwa hadi mizunguko zaidi ya 7,000 kwa dakika. Giaboksi ya zamani haishikani nayo, kwa hivyo unatafuta nyingine. Unahamisha maunti, unabadilisha paipu za maji, unatoa kabureta na kuingiza wayaringi ya kompyuta. Mimi ilinichukua wiki 5 na akiba yote ya keki na maua.

Ilipowaka, nilitabasamu hadi mashavu yakauma. Lakini baada ya mwezi, si unajua mtu? Nikaizoea.

Sasa sikiliza sehemu hii vizuri, kwa sababu ndiyo iliyonishawishi, na ndiyo iliyonimaliza.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi. Kule Mombasa ufuoni presha ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Hapa jijini ni karibu 82. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo, haina namna nyingine. Kwa hivyo gari lilelile linalokimbia vizuri Mombasa likifika Nairobi huwa limepoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake. Fikiria mkimbiaji aliyezaliwa na kukulia pwani, umemleta Iten jana na leo asubuhi unamwambia akimbie na wenyeji. Miguu anayo, pumzi hana.

Turbo inamletea pumzi. Ndani yake mna feni mbili zilizoshikanishwa kwa shafti moja. Moshi unaotoka kwa injini, ambao ungepotea tu kwenye silensa, unazungusha feni ya kwanza, na ile ya pili inasukuma hewa safi ndani ya injini kwa nguvu. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hili mwaka wa 1905, kwa hivyo usidhani ni mambo ya juzi.

Na huku kwetu turbo ilishathibitishwa zamani, tena kwa vumbi na matope. Toyota Celica yenye turbo ilishinda Safari Rally mara 3 mfululizo: Björn Waldegård mwaka wa 1984, Juha Kankkunen mwaka wa 1985, kisha Waldegård tena mwaka wa 1986. Mwaka wa 1994 Ian Duncan, Mkenya wetu, akashinda akiwa kwenye Celica Turbo. Nilikuwa nimesoma hayo yote. Nilichoruka ni jambo moja dogo: injini zile zilijengwa zikijua turbo inakuja. Yangu haikujua.

Hewa ikigandamizwa hupata joto. Ukiwahi kujaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono na ukashika ile pampu chini, unajua. Turbo inagandamiza hewa mara ya kwanza, pistoni inaigandamiza mara ya pili. Ikizidi, petroli inalipuka yenyewe kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Mafundi huita hali hiyo kunoki, na sauti yake ni kama kokoto ndani ya mkebe. Ni nyundo hiyo, bana, inayogonga pistoni mara maelfu kwa dakika.

Ndiyo maana viwanda, vinapounda injini ya turbo, hupunguza kompresheni. Chukua Toyota Starlet GT ya EP82 yenye injini ya 4E-FTE: kompresheni yake ni 8.2 kwa 1 tu. Toyota walijua turbo itaongeza yake.

Na kuna waliojaribu kukwepa jambo hili wakapata aibu mbele ya dunia. Mwaka wa 1962 kampuni ya Oldsmobile kule Marekani ilitoa gari lililoitwa Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya watu binafsi kuuzwa yakiwa na turbo. Kompresheni waliiacha juu, 10.25. Ili isinoki, waliweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, yanyunyizwe ndani ya injini wakati turbo inafanya kazi. Wenye magari walikuwa wanasahau kujaza hilo tangi. Wengi wakachoka na ile shughuli, turbo ikatolewa, ikawekwa kabureta ya kawaida. Hao ni wahandisi wa kampuni kubwa. Mimi ni msee wa keki na maua.

Sasa injini yangu. 4A-GE ya valvu 16 ilitoka kwa vizazi. Ile ya mwanzo, yenye maandishi ya buluu kwenye kifuniko cha juu, ina kompresheni ya 9.4. Ile ya baadaye, ya kuanzia 1989, yenye maandishi mekundu, ina 10.3. Ukitaka kuweka turbo bila kufungua pistoni, 9.4 inakuvumilia kidogo ukiwa mpole. 10.3 haina subira. Yangu niliinunua kwa yadi moja mjini ikiwa na kifuniko cha maandishi ya buluu, nikalipa bei ya buluu, nikaondoka nikiwa na furaha ya buluu.

Turbo nikapata ya TD04 kutoka kwa Subaru iliyokatwakatwa, KSh 22,000. Subaru zimejaa nchini, kwa hivyo hizo turbo hazikosekani. Kabla hujalipa, shika ile shafti katikati ya vidole uitikise. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, rudisha. Ikicheza kidogo sana kando kwa kando, ni kawaida, huo mwanya hujazwa na oili. Ingiza kidole kwenye mdomo wa kutolea hewa. Ukikuta oili imejaa, mwachie mwenyewe.

Manifoldi ilichomelewa na jamaa wa jua kali kwa mabomba mazito ya chuma, na hadi leo haijapasuka. Heshima kwake. Kilichonisumbua mwanzo ni paipu ya oili. Turbo hupelekewa oili kwa presha kupitia paipu nyembamba, lakini oili hiyo hurudi kwenye sampu kwa kuteremka tu, kama maji ya mvua kwenye gata. Paipu ya kurudi lazima iwe nene, iteremke bila kona, na iingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Yangu ilikuwa na tumbo katikati. Oili ikakosa njia, ikapita kwenye sili za turbo, na siku ya kwanza nilitoka mtaani nikitoa moshi wa buluu hadi mama mboga akafunika sukuma zake. Tulitoboa sampu upya, tukanyoosha paipu, moshi ukaisha.

Halafu petroli. Hapa ndipo nilipookoa pesa, na ukisikia mtu wa magari akisema "niliokoa pesa" jua hadithi inaelekea kubaya. Injini ikipewa hewa zaidi inataka petroli zaidi. Bila turbo, mchanganyiko kamili ni sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli. Turbo ikisukuma, unataka petroli iwe nyingi zaidi, karibu 11.5 au 12 kwa 1, kwa sababu hiyo ya ziada hupoza ndani. Kompyuta ya kiwandani haikuandaliwa kusoma presha ya turbo. Kwake, ukishapita presha ya kawaida ya hewa, dunia imefika mwisho. Dawa halisi ni kompyuta ya kupangwa upya, injekta kubwa, na sensa ya moshi ya kukuonyesha mchanganyiko ukiwa barabarani. Mimi nilifunga regyuleta ya kuongeza presha ya petroli turbo inaposukuma. Ni kifaa cha zamani na cha bei nafuu, na hakikuambii chochote kikikosea. Tukapima kwa kusoma rangi ya plagi. Wesgeti, kile kilango kinachopunguza nguvu ya turbo, kilikuwa na springi ya nusu baa.

Nusu baa! Watu huweka moja na zaidi. Nikajiona mtu wa adabu.

Na Nairobi ikanikubalia. Nilipandisha DX kwenye Waiyaki Way kuelekea Limuru na gia ya nne, ikapanda kama lifti. Miezi 2 nzima nikipeleka mizigo, nikipiga picha, nikijisifu mtandaoni. Nikaandika hata makala ya kuwacheka wanaotumia pesa nyingi kununua kompyuta. Makala hayo bado yapo, sijayafuta. Ukiyapata, cheka.

Kisha dadangu akapata nafasi ya chuo Mombasa. Siku ya kuripoti ilikuwa Ijumaa. Mathe alitaka aende na treni. Mimi nikasema hapana, nitampeleka mwenyewe. Unaelewa, si lazima nikueleze yote. Mimi ndiye niliyeacha. Nilitaka nionekane nikimfikisha.

Tulitoka alfajiri. Hadi Mtito Andei hakuna shida, chai, mandazi, muziki wake wa kelele. Kuanzia hapo barabara inazidi kuteremka, hewa inakuwa nzito na ya moto, na malori ni mengi, kwa hivyo unakanyaga, unapita, unakanyaga tena. Na DX ilikuwa inavuta vizuri kuliko siku zote! Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma. Nilimwambia, "Umeona? Hata gari limefurahi." Baada ya Voi nikasikia kitu kama kokoto. Nikadhani ni bati la kukinga joto kwenye silensa. Nikaongeza muziki.

Naam. Nikaongeza muziki.

Tulipokaribia Mackinnon Road nguvu zikapotea mara moja, kama mtu aliyechomoa waya. Kwenye kioo nikaona wingu la buluu. Nikasimama kando, nikafungua boneti, na kile kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimeruka kutoka mahali pake, oili imetapakaa kote. Nilijua kabla sijakigusa. Presha ya silinda ilikuwa inashuka hadi kwenye sampu, maana yake pistoni haizuii tena kitu.

Zilikuwa zimebaki kilomita zisizofika 100. Watu walikuwa wanasimama pale msikitini kando ya reli kupumzika na kuswali, na mzee mmoja akatuletea maji bila kuombwa. Tulingoja basi lenye nafasi kwa saa nzima na zaidi. Lilipokuja, dadangu alinyanyua begi, akaniambia, "Kaa karibu na msikiti, usilale ndani ya gari." Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali anilaumu. Alifika chuoni ofisi zimefungwa, na hakupata kitanda hadi Jumatatu. Wikendi nzima alilala sakafuni kwa msichana ambaye hakumjua.

Nilipompigia mzee, aliuliza swali moja: "Watu wako salama?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi gari litarudi," akakata. Lilirudi kwa bredauni, KSh 38,000. Piga hesabu na ile bei ya turbo.

Fundi aliyeifungua ni mzee wa makamo aliyezoea injini za mashindano, asiyependa maneno mengi. Pistoni ya tatu ilikuwa imevunjika kwenye mifereji ya ringi, ukingo umeyeyuka kama mshumaa. Plagi yake ilikuwa nyeupe, ina vitone vidogo vya kung'aa. "Hiyo ni aluminiamu ya pistoni yako," akasema. Kisha akatazama milango ya kuingizia hewa, midogo, isiyo na vile vilango vya ziada vya injini za mwanzo, akauliza nani aliniambia hii ni ya 9.4. Nikamwonyesha maandishi ya buluu.

"Kifuniko ni shati, kijana. Mtu hubadilisha shati."

Ilikuwa ya 10.3. Lakini nilimuuliza, kama ni hivyo, mbona Nairobi ilikaa miezi 2? Akachukua chaki, akaandika kwenye sakafu ya gereji. Nimeinakili hapa kwa sababu sijaona mtu akiwaeleza vijana wa Nairobi hesabu hii.

Geji ya turbo haipimi hewa yote iliyo ndani ya injini. Inapima iliyozidi hewa ya nje. Nusu baa ni kilopaskali 50. Nairobi, 82 za nje na 50 za turbo ni 132. Mackinnon Road, karibu 97 na 50 ni 147. Mombasa yenyewe, 101 na 50 ni 151. Geji inasoma nusu baa kote, sindano palepale, lakini injini yangu ilikuwa inapokea hewa zaidi kwa kama asilimia 11 kule Mackinnon kuliko nilipopima plagi zangu jijini. Petroli haikuongezeka kwa kiasi hicho, na moto haukucheleweshwa. Ongeza joto la mchana na malori ya kupita. Zile nguvu nilizofurahia baada ya Mtito zilikuwa injini ikiungua.

Kwa hivyo ukipimia turbo yako Nairobi, umepimia mahali penye hewa ya kuficha makosa. Kama gari lako halitavuka Athi River maishani, pengine hutajua. Lakini lipeleke Makindu tu uone.

Sasa uniulize ningefanya nini. La kwanza, kabla ya kununua hata boliti moja ya turbo, ningepima kompresheni ya silinda zote 4 injini ikiwa moto. Kipimo hicho ni kazi ya nusu saa. Unatafuta zikaribiane, na zikipishana sana hiyo injini inataka ukarabati, haitaki turbo. Injini ya kubadilishwa humjui aliyekuwa nayo, hujui kama alikuwa anabadilisha oili au anasali tu. Kisha ningethibitisha ni kizazi gani kwa kutazama injini yenyewe. Shati tumeshalizungumzia.

Pesa zingeanza kwa kompyuta na sensa ya mchanganyiko, halafu injekta na pampu ya petroli, halafu intakula na radieta nzuri. Turbo ingekuja mwisho, kwa sababu turbo ndiyo kitu cha bei rahisi kwenye orodha yote. Klachi pia itaanza kuteleza, hilo hesabu mapema. Na breki, jamani. DX ina diski mbele na ngoma nyuma, zilitengenezwa kusimamisha cc 1290. Niliendesha miezi 2 nikiwa na nguvu mara mbili na breki za Krismasi. Nikikumbuka dadangu alikuwa amekaa pale kando, tumbo hunikata hata leo.

Makaratasi usiyaache pia. Nambari ya injini imeandikwa kwenye kitabu cha gari, na ukibadilisha injini NTSA wanatakiwa kujua na gari likaguliwe. Mwambie na mwenye bima, kwa maandishi. Ukigonga mtu ukiwa na injini na turbo ambazo bima haizijui, wanaweza kukataa kulipa, na hapo utauza hadi kitanda.

Au usiweke kabisa. Naongea ukweli. Kama haja yako ni gari kuukuu lenye nguvu, tafuta injini iliyotoka kiwandani na turbo yake, na kompyuta yake, na wayaringi yake yote. Utalia mara moja wakati wa kulipa. Anayejijengea kama mimi hulia kidogokidogo kila mwezi.

Mbona basi niliirudia? Kwa sababu mzee hakuuliza tena kuhusu gari, na kila nikipita uani naliona limefunikwa na turubali. Ilinichukua miezi 11. Nilitafuta pistoni za 4A-GZE, ile ndugu yake ya kiwandani yenye supachaja, ambayo ya mwanzo ina kompresheni ya 8.0. Nikanunua kompyuta ya kupangwa yenye sensa inayosoma presha yote, ya nje na ya turbo pamoja. Tukaipanga Nairobi, kisha tukateremka nayo hadi Emali na kompyuta ndogo mapajani tukairekebisha, kisha Voi, tukairekebisha tena. Breki kubwa mbele. Wesgeti sasa ina springi laini zaidi, kama theluthi moja ya baa. Kila ninaposimama baada ya mwendo mrefu, naiacha injini ikinguruma taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzima, oili isiungulie ndani ya turbo. Makala yangu ya kucheka kompyuta bado yanapata wasomaji, sijui ni nani anawatumia.

Mwezi wa Aprili dadangu alipofunga muhula nilimwambia nitamfuata. Alinyamaza kwenye simu muda mrefu, kisha akauliza kama treni imejaa. Nilienda hata hivyo. Mackinnon Road nilisimama, nikanunua maji, nikatafuta yule mzee wa msikitini lakini hakuwepo siku hiyo. Mombasa alinikuta langoni nikiwa nimefungua boneti, nikishika paipu moja moja. Wakati wa kurudi alitaka kuweka muziki. Nikamwambia hapana, redio imezimwa tangu Nairobi na itabaki hivyo. Alilalamika hadi Mtito Andei.

Mimi nilikuwa nasikiliza.